Laptop ya Safari: Tusinunue Mashine Tukasahau Kazi ya Mtoto



Kila inapokaribia miezi ya kufungua vyuo, swali moja hurudi kibarazani baada ya swala ya Isha: "Kijana wangu anakwenda kusoma nje, tumnunulie laptop gani?" Anayeuliza huwa ni baba mmoja mwenye wasiwasi, na wanaojibu huwa ni wengi. Huyu atataja kampuni, yule atataja duka, mwingine atasema ya nini laptop, simu kubwa inatosha. Mpaka watu wanaondoka, yule baba hajui lolote zaidi ya alivyokuja.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaojibu kwa sauti kubwa. Leo naandika kwa sababu jibu langu liliigharimu familia ya dada yangu muhula mzima.

Ilivyokuwa

Mwaka 2022 mpwa wangu alipata nafasi katika chuo kimoja huko Kampala. Sisi tunaishi Nyamirambo, hapa Kigali, na Kampala kwa basi ni safari ya usiku mmoja kupitia Gatuna, mpaka ambao ulikuwa umefunguliwa tena mwishoni mwa Januari mwaka huo baada ya kufungwa karibu miaka mitatu. Ukoo ulichanga. Wajomba, mashangazi, hata jirani anayeuza brochette alitoa chake. Dada yangu aliniita akanikabidhi bahasha: "Kaka, wewe ndiye unayejua mambo haya. Amana ya mtoto hii."

Nilikwenda mjini nikanunua mashine mpya kabisa, ndogo, nyembamba, ya rangi ya fedha, ikiwa ndani ya boksi lake. Ilikuwa na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Sikuuliza kama hifadhi hiyo inachomoka. Begi sikununua, nilisema atatumia lile la shule. Diski ya nje sikununua, nilisema flashi yake inatosha. Faranga zilizobaki tulinunua soda, tukampongeza, tukapiga picha na boksi.

Aprili 2025, baada ya kuja nyumbani kusherehekea Idi, binti alirudi Kampala. Alikuwa muhula wa mwisho, anaandika ripoti ya utafiti wake. Begi lilikuwa limejaa, basi lilikuwa limejaa, akaambiwa aliweke kwenye buti. Ndani ya begi hilo hilo mama yake alikuwa amemfungia chupa ya juisi ya marakuja. Juu ya begi yakawekwa magunia. Alipofika asubuhi na kulifungua, juisi ilikuwa imeingia kwenye kibodi mpaka chini.

Fundi aliifungua, kisha akanipigia simu. "Mzee, mazabodi imekufa. Na hifadhi yake imechomelewa humo humo kwenye mazabodi. Hakuna cha kuchomoa." Kama ingekuwa mashine ambayo diski yake inafungwa kwa skrubu, angeitoa kwa dakika tano na kuisoma kwenye mashine nyingine. Kwa hii yetu alisema wapo wenye vifaa maalumu, lakini gharama aliyotaja ilipita bei ya laptop yenyewe, na hata hivyo hakutoa ahadi.

Zilikwenda sura mbili na majibu ya wafanyabiashara 30 aliowahoji sokoni mmoja mmoja. Kwenye flashi ilikuwepo sura ya kwanza tu, tena ya zamani. Ilibidi arudi sokoni kuanza upya, na muhula ukampita. Ada ya muhula wa ziada ilitoka kwenye fedha ambazo mama yake alikuwa akiweka ili akodi fremu ya duka. Fremu ikachukuliwa na mtu mwingine.

Dada yangu hakunilaumu hata siku moja. Lakini mimi najua bahasha ile niliitumiaje.

Kosa langu lilikuwa wapi

Ndugu msomaji, kosa halikuwa juisi, wala basi. Juisi humwagika na mizigo hubanana, safari zetu ndivyo zilivyo. Kosa lilikuwa kwamba nilinunua kitu cha kuonyesha. Nilijiuliza laptop gani inapendeza, wala sikujiuliza: siku mashine hii ikifa njiani, mtoto atabaki na nini mkononi?

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo mzazi anapaswa kujiuliza. Mwanafunzi anayesafiri habebi mashine tu. Anabeba miezi yake ya kazi, na ada ya wazazi wake imo humo. Mashine inanunulika tena, kazi iliyopotea hainunuliki. Kwa hiyo maoni yangu leo ni haya: fedha za laptop ya safari zisiishie kwenye laptop. Ni bora kununua mashine ya chini kidogo na vitu vinavyoilinda, kuliko kununua mashine nzuri ikasafiri uchi.

Nitaeleza moja moja.

Ndogo si sawa na rahisi

Wengi wetu tunadhani laptop ikiwa ndogo ndiyo imefaa safari. Dhana hii ina historia yake. Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC, kompyuta ya kioo cha inchi 7, yenye uzito usiofika kilo moja, kwa bei ambayo wakati ule ilishangaza. Kampuni nyingine zikafuata, na kwa miaka michache mashine za namna hiyo zilijaa madukani. Tableti zilipokuja, hasa baada ya iPad ya mwaka 2010, zile kompyuta ndogo zikafifia. Waliozitumia wanakumbuka kwamba zilikuwa nyepesi kubeba na nzito kufanyia kazi.

Tabia ile haijafa. Hata leo zipo laptop ndogo mpya za bei ya chini zenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya aina ya eMMC ya GB 64, iliyochomelewa kwenye mazabodi. Programu za mfumo peke yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Baada ya mwaka mmoja mwanafunzi anafuta picha za familia ili apate nafasi ya kuhifadhi kazi ya darasani. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpwa wangu.

Kwa anayeandika kurasa nyingi, kioo chini ya inchi 12 huchosha macho na shingo. Kwa upande mwingine, laptop ya inchi 15 au 17 ni mzigo wa kweli kwa mtu anayepanda basi, moto na daladala kwa siku moja. Kati ya inchi 12.5 na 14, uzito wa kilo moja na robo hadi moja na nusu, hapo ndipo mwanafunzi anayesafiri atapata nafuu.

Na wanaosema simu inatosha? Simu inatosha kusoma, kutuma na kupokea. Mwulize mwanafunzi aliyejaribu kupanga majedwali na tanbihi za ripoti ya kurasa 80 kwenye simu, atakujibu mwenyewe.

Mpya au mtumba?

Hapa najua nitapingwa. Wazazi wengi wanaona aibu mtoto kwenda chuo na kompyuta ya mtumba. Wanasema mpya ina dhamana. Ni kweli, na mwenye uwezo wa kununua mpya iliyo imara na anunue. Lakini dhamana iulizwe vizuri: je, itakubaliwa katika nchi anayokwenda kusoma, au itabidi mashine irudishwe ilikonunuliwa? Dhamana inayoishia kwenye mlango wa duka la Kigali haimfai aliye Kampala, Dodoma au Cairo.

Kwa bajeti ya familia nyingi, mimi sasa naona laptop ya mtumba iliyotengenezewa maofisini ni bora kuliko mpya ya bei ya chini. Mashine kama HP EliteBook 830 G5, Dell Latitude 7290 au Lenovo ThinkPad X280, zote za mwaka 2018, ni ndogo, zilitengenezwa kwa ajili ya wafanyakazi wanaosafiri, mafundi wa mjini wanazijua, na diski zake za SSD zinachomoka. Hata miongoni mwa hizo kuna tofauti. EliteBook niliyoitaja unaweza kuiongezea RAM baadaye, ThinkPad X280 RAM yake imechomelewa, kwa hiyo inunuliwe ikiwa nayo ya kutosha tangu mwanzo, yaani GB 8 au zaidi.

Kuna jambo moja la kuangalia sana siku hizi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa mashine za Intel, kwa ujumla inahitaji prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Ndiyo maana utakuta laptop za kizazi cha 6 na cha 7 zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Muuzaji hatakwambia sababu. Tazama jina la prosesa: ikiandikwa i5-8250U, ile 8 inayofuata kistari ndiyo kizazi. Ikiandikwa i5-6300U, hicho ni kizazi cha 6. Mashine hizo za zamani si za kutupwa, zinaweza kutumia Linux kama Ubuntu pamoja na LibreOffice bila malipo, lakini mwanafunzi ajue anachonunua, na ahakikishe kwamba programu za masomo yake zinafanya kazi humo.

Ukiwa dukani

Usikubali kuonyeshwa laptop kama unavyoonyeshwa kitambaa. Kaa chini, iwashe, na ufanye haya:

1. Andika kwa kila kitufe cha kibodi, kimoja kimoja. Hapa kwetu, Burundi na Kongo zinaingia mashine nyingi kutoka Ubelgiji na Ufaransa, na kibodi zake huanza na herufi AZERTY. Anayekwenda Uganda, Kenya au Tanzania atakuta kila mahali QWERTY. Anayeandika Kiarabu asitafute mashine maalumu, lugha hiyo inaongezwa kwenye mipangilio bure, na stika za herufi zinabandikwa juu ya vitufe.

2. Pima betri. Katika Windows fungua sehemu ya kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 40,000, betri imebaki asilimia 80. Ikiwa imeshuka chini ya 60, ingiza bei ya betri mpya katika mapatano.

3. Zima na uwashe tena, uingie kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, ile BIOS. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, iache. Mashine nyingine hubaki zimefungwa na kampuni iliyokuwa ikizimiliki.

4. Funua na ufunge kioo mara kadhaa. Bawaba zikilegea leo, kesho waya wa kioo utakatika.

5. Jaribu Wi-Fi, kamera, spika, na kila tundu la USB kwa flashi yako mwenyewe.

6. Dai risiti yenye jina la duka na namba ya mashine iliyoandikwa chini yake. Hili lina faida mbili. Mpakani ukiulizwa mashine umeipata wapi, unayo karatasi. Na wewe mwenyewe unakuwa na amani kwamba hukununua kitu kilichoibwa kwa mwanafunzi mwenzake wa mtoto wako. Bei ikiwa ya ajabu na risiti haipo, ondoka. Hatutaki mtoto atafute elimu kwa mali ya mtu.

Waya, plagi na umeme

Jambo hili dogo limeunguza chaja nyingi. Hapa Rwanda, kama Burundi na Kongo, plagi za kawaida ni za vijiti viwili vya mviringo. Ukivuka Gatuna tu, Uganda ni vijiti vitatu bapa, na ndivyo ilivyo Kenya, Tanzania, Oman na Saudi Arabia. Misri na Uturuki ni viwili vya mviringo kama kwetu.

Wanafunzi wetu wakifika ng'ambo hufanya nini? Wanachukua kalamu, wanaiingiza kwenye tundu la juu la soketi ili matundu ya chini yafunguke, kisha wanasukumiza vijiti viwili kwa nguvu. Plagi inakaa ikilegalega, inatoa cheche, chaja inaungua, na siku mbaya godoro linaungua. Wazazi, tuwakataze watoto jambo hili kwa ukali.

Wengine hununua adapta ya bei ya chini, nayo hulegea baada ya mwezi. Njia iliyo bora ni rahisi. Chaja nyingi za laptop zina waya wa vipande viwili, na kile kipande kinachokwenda ukutani kinachomoka. Nunua kipande kingine chenye plagi ya nchi unayokwenda. Bei yake ni ndogo kuliko adapta nzuri, na kinakaa imara.

Soma pia kibandiko cha chaja. Kikiandikwa INPUT 100-240V, inakubali umeme wa nchi zote nilizozitaja. Kumbuka kwamba adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi nguvu ya umeme.

Ukiweza, chagua laptop inayochajiwa kwa USB-C. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba laptop mpya zinazouzwa huko ziweze kuchajiwa kwa tundu hilo kuanzia tarehe 28 Aprili 2026, kwa hiyo chaja za namna hii zinazidi kuwa nyingi. Mwanafunzi anabeba chaja moja kwa simu na laptop. Lakini iwe na nguvu inayotosha, mara nyingi wati 45 au 65. Chaja ya simu ya kawaida haitoshi, na pawabenki ya kawaida ya simu haitachaji laptop hata ukiiacha usiku kucha.

Kwa wanaopanda ndege

Wapo wanaokwenda Cairo, Istanbul, Madina au Kuala Lumpur. Kwao kuna sheria za betri ambazo zimeshawafanya watu wengi kufungua masanduku mbele ya foleni. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo inayokwenda chini ya ndege, ni lazima ziwe kwenye begi la mkononi. Laptop nayo ikae mkononi.

Kipimo kinachoangaliwa ni Wh. Hadi 100 Wh kwa kawaida inakubaliwa, kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, zaidi ya hapo hairuhusiwi kwa abiria. Kama pawabenki imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawanya kwa 1,000. Kwa mfano, ya 20,000 mAh ni 74 Wh. Isiyo na maandishi yoyote inaweza kuchukuliwa, kwa hiyo usiinunue. Mashirika mengine yameongeza masharti yao. Emirates, kwa mfano, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 humruhusu abiria kubeba pawabenki moja isiyofika 100 Wh, lakini haruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Soma sheria ya shirika lako kabla ya kufunga begi.

Na laptop iwe na chaji unapokwenda uwanjani, unaweza kuombwa uiwashe.

Njiani kwa basi

Sisi wengi tutapanda basi. Nunua mfuko wenye sponji ambao laptop inaingia kwa kubana kidogo, kisha uweke ndani ya begi. Begi hilo liwe mapajani au miguuni, kamwe lisiende kwenye buti. Mkishushwa mpakani kupiga muhuri, shuka nalo. Kitu chochote cha majimaji, iwe juisi, maziwa, samli au mafuta ya nywele, kisiingie humo hata kikifungwa kwa mifuko mitatu. Mama akikupa chupa, ipokee kwa heshima na uibebe kwenye mfuko mwingine.

Nakala tatu

Nikiruhusiwa kubakisha sehemu moja tu ya makala hii, ningebakisha hii. Kazi ya mwanafunzi iwe na nakala tatu, na zisikae mahali pamoja.

Ya kwanza iko kwenye laptop. Ya pili iwe kwenye diski ya nje. Diski za zamani zenye sahani inayozunguka ni rahisi kwa bei lakini haziupendi mtikisiko wa barabara, zikiwa zinafanya kazi zisisogezwe. Za SSD hazina kitu kinachozunguka, zinaifaa safari zaidi. Diski hii isisafiri katika begi moja na laptop. Mwizi akichukua begi moja, au juisi ikimwagika ndani yake, nakala mbili zilizo humo ni sawa na nakala moja.

Ya tatu iwe mbali na mwanafunzi mwenyewe. Google Drive inatoa GB 15 bure, na ripoti ya maandishi matupu haifiki hata sehemu ndogo ya hizo. Asiye na kifurushi cha kutosha ajitumie faili kwa barua pepe kila wiki.

Mgawo wa fedha

Wazazi huniuliza, basi tugawe vipi? Mimi nasema katika kila faranga 10, 7 ziende kwenye mashine na 3 zibaki kwa diski ya nje, mfuko wa sponji, waya wa plagi ya nchi anayokwenda, na akiba ya betri. Fedha zisipotosha, shuka ngazi moja kwenye mashine, usiguse zile 3. Vitu kama taa za USB, vibandiko vya kupamba na vifeni vya kuwekea laptop juu yake vinaweza kusubiri, vingi ni israfu tu.

Nawe kijana, usimlazimishe baba yako ashindane na baba wa mwenzako. Darasani hakuna alama zinazotolewa kwa rangi ya laptop.

Safari ya pili

Agosti 2025 mdogo wake yule binti naye alipata nafasi Kampala. Bahasha ililetwa tena, ikiwa nyembamba kuliko ya kwanza, na nilishangaa kwamba iliwekwa mikononi mwangu. Safari hii nilikwenda dukani na yule dada mtu mwenyewe. Nilikaa kando, yeye ndiye aliyebonyeza vitufe, akapima betri, akageuza mashine kutafuta skrubu za kufungulia diski. Tulirudi na EliteBook ya mtumba yenye mkwaruzo kwenye pembe, diski ya nje, mfuko wa sponji na waya wa vijiti vitatu. Soda hatukunywa.

Halafu dada yangu akaweka sharti lake mwenyewe. Kila Alhamisi usiku kijana amtumie kwenye simu yake kila faili aliloliandika wiki hiyo. Mama huyu hasomi Kiingereza na hajui lolote kuhusu masomo ya mwanawe. Lakini ikifika saa tatu na faili halijaja, anapiga simu kuuliza. Likija, anaandika neno moja tu: "Limefika."

Wazazi wenzangu, hilo halihitaji fedha. Anzeni nalo Alhamisi hii.